Nyuki Walindao Mashamba ya Sagalla

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akisha kufika Voi, huuona mlima wa Sagalla upande wake wa kuume. Wengi hupita bila kuutazama mara ya pili, maana macho yao huwatafuta ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la nchi. Lakini mwenye kutaka kujua jinsi watu wanavyoishi na ndovu hao, na ashuke Voi, aelekee mguuni mwa mlima huo.

Wasagalla wa huku chini hulima mahindi, kunde na pojo, na mvua zao ni haba. Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, ni jirani yao, na ndovu hajui mpaka. Kundi likiingia shambani usiku wakati mahindi yamekomaa, kazi ya msimu mzima huisha kabla jogoo hajawika. Dawa ya zamani ilikuwa kupiga madebe, kuwasha moto na kukesha. Nao watoto waliokesha na wazazi wao walisinzia darasani asubuhi. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia kwa hasara ziletwazo na wanyama, na kwa mtu aliyeuawa ilitaja shilingi 5,000,000. Lakini mimi ni karani, naujua mwendo wa karatasi. Ndovu hulipita faili kwa mbali.

Sasa wakulima wengi wa hapa wamewaajiri askari wadogo. Mwaka 2007 Bibi Lucy King na wenzake walitangaza habari za jaribio walilolifanya kaskazini mwa Kenya: waliwasikilizisha ndovu sauti ya nyuki iliyonaswa katika chombo, na jamaa 16 kati ya 17 zikaondoka kabla ya sekunde 80 kwisha. Huenda msomaji akauliza, nyuki atamfanya nini mnyama mwenye ngozi kama ile? Ngozi haimwumi, humwuma kando ya macho, na humwingia mkongani.

Uzio wenyewe si kitu cha ajabu. Nguzo husimikwa kuzunguka shamba, na baina yake huning'inizwa mizinga, mmoja wa kweli, na unaofuata wa bandia, yaani ubao tu uliopakwa rangi ya manjano. Kila mita 10 pana mzinga au ubao, na waya mmoja huviunganisha vyote. Ndovu akiusukuma waya gizani, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2024, baada ya miaka tisa ya kuhesabu katika mashamba ya Sagalla, ilionyesha kwamba katika misimu ambayo mazao yalikuwa mengi zaidi, ndovu hadi 86 katika kila 100 walioukaribia uzio walirudishwa nyuma. Juu ya hayo, mkulima hupata asali ya kuuza.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa ukisha kufunga waya umemaliza. Mzinga mtupu haumtishi ndovu siku nyingi. Na nyuki hukaa palipo na maua na maji. Ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza: mizinga yenye nyuki ikapungua kwa robo tatu, na upungufu huo ulidumu miaka mitatu. Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, kwa kuwa jua lile lile linalowahamisha nyuki ndilo linalowasukuma ndovu kutafuta chakula mashambani.

Mzee mmoja aliyenitembeza shambani kwake alilijua jambo hilo kuliko mimi niliyelisoma. "Bwana Karani," aliniambia, "mahindi nayapanda kwa msimu, lakini nyuki nawatunza mwaka mzima." Alikuwa ameweka karai la maji kivulini, na vijiti ndani yake ili nyuki wasizame. Nguzo alizipaka grisi kuwazuia siafu. Miti iliyokuwa ikitoa maua karibu na uzio hakuruhusu mtu aikate kuni, hata mkewe, nao walibishana kidogo juu ya hilo mbele yangu.

Katika mizinga yake kumi na miwili, saba ilikuwa na nyuki siku ile. Penye mlango wa ule wa nane alinionyesha nyuki watatu wakiingia na kutoka. Wapelelezi, alisema, akanishika mkono tusiukaribie.