Mkono Mdogo wa Gia

Kwa miaka mingi niliendesha Prado ya marehemu mume wangu kutoka Rongai hadi kazini na kurudi, na ule mkono mdogo wa gia ulio ubavuni mwa ule mkubwa sikuwahi kuugusa. Lami ilipoishia, na safari yangu iliishia hapo. Kwa wakwe zangu, ambako mvua ikinyesha njia hugeuka tope, nililipa dereva anipeleke. Hofu ya kutoka kwenye lami imeniondoka, na iliniondokea Magadi.

Anayeanza namwambia aende huko. Kutoka Kiserian, lami inateremka Bonde la Ufa kupitia Kona Baridi na Olorgesailie hadi mji wa Magadi, ambako kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911. Ukishavuka tuta linalokatiza Ziwa Magadi unaingia njia ya mawe na vumbi, tambarare kwa sehemu kubwa, kuelekea chemchemi za moto za kusini. Cha kuogopa ni mawe makali, na zaidi ya hayo ukoko wa chumvi: juu mweupe na mkavu, chini tope.

Siku yangu ya kwanza huko, kijana wa Kimaasai niliyemlipa aniongoze alisema, "Mama, zima gari, tushuke kwanza." Tukaikagua kwa miguu sehemu ya ukoko iliyokuwa mbele yetu. Aliupiga ukoko kwa kisigino, ukapasuka, akanionya nisiache kamwe alama za magari yaliyotangulia. Tukapunguza upepo wa tairi kutoka 32 hadi 24 ili zikanyage kwa upana. Gari likiwa limesimama, nikauvuta ule mkono mdogo. Prado ikanguruma kwa sauti nzito na kutambaa, polepole kuliko mtu anayetembea.

Kwenye mteremko wa mawe akaniambia niondoe mguu kwenye breki. Niliondoa. Injini yenyewe ikalishika gari, likashuka taratibu jiwe kwa jiwe, na mabega yangu yaliyokuwa yamekakamaa yakalegea. Siku zote niliamini njia mbaya inataka mwendo na misuli. Kumbe inataka macho na subira, na hivyo nilikuwa navyo tangu zamani.

Kwenye chemchemi tulitazama samaki wadogo wanaoishi katika maji ya moto yenye magadi, maji ambayo yangewaua samaki wengi. Heroe walikuwa mbali kidogo. Nilifurahi kuwaona, lakini akili yangu ilikuwa kwenye njia ya kurudi. Nilitamani kuiendesha tena.

Sasa kwa wakwe najipeleka, hata wakati wa mvua za Aprili. Usiku mmoja mama mkwe alizidiwa, nikampitisha kwenye lile tope hadi hospitali, mkono mdogo ukiwa kazini, naye amelala kiti cha nyuma.

Wanachama wawili wa chama chetu wana magari ya namna hii na hawajawahi kuugusa mkono huo. Tunaenda Magadi kiangazi, ukoko ukiwa mgumu: magari mawili, maji tele, pampu ya upepo, sepetu na kamba ya kuvutia. Usukani watashika wao.