Theluji na Kiambishi -nge-

Mwaka jana kaka yangu afanyaye kazi Uswisi alinialika Zermatt, mji wa kitajiri ulio chini ya mlima Matterhorn, ambako wageni huteleza juu ya theluji na magari ya petroli hayaruhusiwi. Nikiwa nyumbani Paya, nilipiga hesabu daftarini: viza, nauli ya ndege, makoti mazito, hoteli. Mama alinisikia nikisema, "Ningekuwa na fedha, ningekwenda."

"Mwanangu, kwani hapa kwetu Uganda hakuna theluji?" akaniuliza kwa lugha ya Dhopadhola.

Nilinyamaza. Kilele cha Margherita, katika milima ya Rwenzori, kina urefu wa mita 5,109. Matterhorn ni mita 4,478. Marehemu baba alitamani kukiona tangu ujana wake, asijaliwe. Tena barafu waliyoikuta Luigi Amedeo na wenzake walipokifikia mwaka 1906 imebaki sehemu ndogo tu, nayo yazidi kuyeyuka.

Mwalimu mtarajiwa, vitazame viambishi hivi. "Ningekwenda" huuacha mlango wazi: sharti likitimia, safari itakuwapo. "Ningalikwenda" huufunga, kwa kuwa wakati umekwisha kupita. Baba angalipata nafasi, angaliiona theluji.

Nilifuta Zermatt, nikaandika Kasese, kisha Nyakalengija. Chini yake niliandika sentensi isiyo na -nge- wala -ngali-: "Desemba nitakwenda."