Tuone Kwanza, Ndipo Tupige Picha

Zama hizi, aingiaye makumbusho huinua simu kabla macho yake hayajatulia. Huufikia mchoro, huupiga picha, akapita. Hatuoni ubaya wa kupiga picha pale inaporuhusiwa. Lakini ziara yetu ya Louvre Abu Dhabi pamoja na watoto ilikuwa na sharti lake. Bibi yao, aliyeko Tanga, amepoteza nuru ya macho, na aliagiza jambo moja tu: "Wajukuu zangu, nendeni mkanionee." Kwa aliye katika hali hiyo, simu iliyojaa picha ni zawadi isiyofunguka.

Basi tukakubaliana: kila mmoja atazame kwanza hadi aweze kusimulia, ndipo apige picha, pasina kutumia taa ya kamera wala kuwazibia wengine.

Jumba hilo, lililofunguliwa mwaka 2017 katika kisiwa cha Saadiyat, lilibuniwa na Jean Nouvel, msanifu majengo wa Ufaransa. Kuba lake lina kipenyo cha mita 180, limeegemea nguzo nne tu, na limesukwa kwa nyota 7,850 zilizopangwa katika tabaka nane. Fikra yake imetokana na mapaa ya makuti ya mitende. Jua hupenya humo, likadondoka sakafuni mfano wa matone ya mvua. Tulipiga picha kadhaa, zikatoka nzuri. Lakini hapana hata moja iliyonasa namna mwanga ule unavyotembea ukutani kadiri jua linavyosogea. Binti yetu mdogo ndiye aliyepata maneno: "Tumwambie Bibi ni kama kukaa adhuhuri chini ya makuti yaliyoingia matundu."

Ndani tuliukuta mchoro wa mwaka 1878 wa Osman Hamdi Bey, mchoraji wa dola ya Uthmaniya. Unamwonyesha kijana aliyejilaza akisoma kitabu. Kaka wa binti yetu aliinua simu. Tukamuuliza, "Na Bibi utamwambia nini?" Akaishusha, akatazama kwa kitambo, kisha akasema, "Amezama katika kitabu, hata hajui kama tumesimama hapa."

Usiku tulimpigia Bibi. Alipoelezwa habari za paa, alicheka, akauliza kama linavuja. Alipoelezwa habari za kijana, aliuliza anasoma kitabu gani, na wajukuu wakaanza kubishana, kila mmoja akieleza alichokiona usoni mwake. Hakuna aliyekumbuka kufungua picha.

Enyi wazazi wenzetu, macho ni neema, na neema ina shukurani yake. Kushukuru kuona ni kutazama kwa utulivu, kisha kumgawia asiyeweza kufika, au asiyeweza kuona. Picha na zihifadhiwe, kwani nazo zina faida yake. Lakini mtoto anayerudi nyumbani na simulizi amerudi na kitu ambacho simu ikipotea, hakipotei.