Kinango na Jivu Lisilopoa

Anayetoka Kwale mjini kwenda Kinango huacha nyuma ubaridi wa milima ya Shimba na kushuka katika nchi nyingine kabisa. Minazi hupungua, vichaka vya miiba hushika nafasi yake, na kila baada ya mwendo mfupi huonekana kina mama na mitungi yao, wengine kichwani, wengine wakiongoza punda, wakielekea bwawani au wakirudi. Hii ni nchi ya Waduruma, wafugaji ambao ukame kwao si habari bali ni jirani.

Nilifika siku ambayo redio ilikuwa ikizungumzia umeme wa nyuklia. Jambo hilo si geni pwani: Uyombo, Kilifi, ilipotajwa kuwa mahali pa kujenga kinu, wakazi waliandamana mwaka 2024 wakihofia bahari na samaki wao. Bibi aliyenikaribisha alikuwa akizoa jivu mekoni kwa kigae. Nikamweleza habari za moto huo usio na moshi. Akauliza, “Na jivu lake, mwanangu, watalimwaga wapi?”

Fueli ya kinu ni vidonge vya urani vilivyopangwa ndani ya mirija ya madini. Baada ya miaka michache huondolewa, nayo wakati huo ina mionzi mikali kupita ilivyoingia. Huzamishwa katika birika, mfano wa lile la msikitini ila lenye kina cha zaidi ya mita kumi, ikae miaka kadhaa ipoe. Kisha huhamishiwa makasha ya chuma na zege. Kinu cha megawati 1,000 hutoa kiasi cha tani 20 hadi 30 kwa mwaka. Si nyingi. Lakini plutoni iliyomo huchukua miaka ipatayo 24,000 kupungua nusu tu.

Afrika Kusini ina kinu cha Koeberg tangu 1984, na fueli yake iliyotumika ingali imehifadhiwa palepale kiwandani. Taka zilizo hafifu zaidi hupelekwa Vaalputs, nchi kame yenye watu wachache. Maneno hayo yalinikumbusha Kinango. Sisemi kwamba upo mpango wa namna hiyo hapa. Nasema kwamba mchora ramani huona ukame akaandika “pakavu, patupu”, asione punda na mitungi.

Waduruma wanajua kuhifadhi. Misitu yao ya kaya, iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, imelindwa kwa makatazo ya wazee. Hata hivyo, makatazo yaliyodumu karne kadhaa yamekuwa yakivunjwa katika umri wa mtu mmoja, kwa shoka na tanuri la mkaa. Finland haikutegemea kumbukumbu za wajukuu. Imechimba zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba. Uchimbaji huo wataka fedha nyingi na wataalamu wa vizazi kadhaa.

Kenya ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia mwaka 2019, na wananchi wana haki ya kuuliza. Kina mama wakiitwa barazani, na waulize: aliyetuuzia fueli ataichukua ikishatumika, kama Urusi ilivyokubaliana na Iran kwa kinu cha Bushehr? Stima ikikatika, birika litapozwa na nini? Na iwapo makasha yatabaki, yatabaki katika ardhi ya nani?