KIGODORO USIKU, ALFAJIRI JE?



Kijana wangu wa Lugoba, leo tuzungumze kuhusu singeli bila kutukanana.

Najua unavyoipenda. Imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, na mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya vijana wa studio ya Sisso, na Wazungu nao wakaanza kuicheza. Kipaji hicho ni neema ya Allah, sikidharau.

Mnaniandikia: "Ustadhi, halali au haramu?" Wanazuoni wengi wamekataza ala za muziki, wakaruhusu dufu harusini na Idi. Hilo mmeshalisikia. Nami nawauliza: spika zikilia mpaka saa tisa usiku, nyuma ya ukuta amelala nani? Mzee mwenye presha. Mama aliyejifungua juzi. Mtoto mwenye mtihani asubuhi. Mtume (s.a.w.) aliapa mara tatu kuwa hana imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake.

Na binti mliyecheza naye, alirudi kwao na nani? Alfajiri ilipoadhiniwa, nani aliamka?

Nawe mama mwenye shughuli, spika umezikodi wewe. Mtoto akiharibikiwa usiku ule, usimlaumu mpiga muziki peke yake. Furahini, mle, mwali atunzwe, lakini mmalize mapema watu walale. Jirani naye ana haki juu yako, na ataidai mbele ya Mola wake.

Mfikishie mwenzako. Wabillahi tawfiq.