Shajara ya Mama Maendeleo

14 Machi 2023, Jumanne

Siku ya malipo ya ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini. Wengine hulipwa kwa simu, ila wazee wanataka noti mkononi, na kabla ya saa moja walishajaa kwa mtendaji. Mwalimu kaja na daftari la mahudhurio, maana mtoto asipofikisha asilimia 80 ya siku za masomo ruzuku hupunguzwa. Nesi wa zahanati kaja na kumbukumbu za kliniki. Kamati ya kijiji inawajua wote kwa majina na kwa koo. Fedha za TASAF hutoka juu, lakini anayejua kwamba binti fulani haji shule kwa sababu anamuuguza bibi yake ni mwalimu.

Ruzuku hizi zilijaribiwa kwanza huku kwetu Pwani, Bagamoyo na Kibaha, pamoja na Chamwino, malipo yakianza 2010. Wajuaji wa mjini walisema maskini akishika fedha ataishia kilabuni. Niliowaona mimi hununua unga, sare na bati. Bati mojamoja.

15 Aprili 2023

Redioni, karibu na futari: Waziri Mkuu Majaliwa kasimamisha bungeni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, bila riba. Sababu naijua, Mkaguzi Mkuu, CAG, kaandika: vikundi hewa, marejesho hayarudi. Lakini akina mama wangu wa kikundi cha mananasi walishaandika katiba na kufungua akaunti. Kikundi hewa kimekula, wa kweli wanafungiwa mlango. Nitawaambiaje, na mwezi wenyewe ni wa Ramadhani?

18 Aprili 2023

Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wamevunja sanduku leo na kugawana akiba, Idi isiwakute mikono mitupu. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Kabla ya kufungua, mwenyekiti huuliza salio la kikao kilichopita, na jibu halisomwi mahali, linatoka kichwani. Aliyelitaja hadi mia ya mwisho ni bibi asiyejua kusoma. Katibu akafungua daftari, akatikisa kichwa kukubali.

Mtindo huu shirika la CARE liliuanzisha Niger 1991, na huku umeshakuwa mali ya wanawake wenyewe. Benki gani itakopesha mtu mwenye kuku wanne kwa dhamana ya kujulikana?

Bibi yule kaniambia akihesabu mgao wake, "Ruzuku naila, mwanangu. Hii ya sanduku nainunulia kitu."

20 Julai 2023

Kuku. Shirika moja (jina naliacha) liligawa kuku chotara kwa kaya za walengwa wa ruzuku, kwa picha na fulana. Bwana mifugo wa kata hakuambiwa kitu. Mdondo ukapita, mabanda mengi yakabaki matupu.

Na kinga yake si kitu kikubwa: tone moja la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu. Tatizo ni chupa. Moja inatosha kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa haikai. Mwenye kuku sita hawezi kuinunua peke yake, lazima kitongoji kikubaliane siku. Safari hii kikundi cha sanduku ndicho kilichonunua. Bwana mifugo kafika alfajiri, kaibeba ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kuku wakiwa hawajafunguliwa. Watoto wanamkamata kuku, wanamlaza ubavu, kope inavutwa kwa kidole, tone linashuka, anasubiriwa apepese ndipo aachiwe. Jogoo wa mwenyekiti kamparua mkono bwana mifugo, watu wakacheka kuliko siku ya fulana.

Kwenye semina moja walitueleza habari za shirika la BRAC la Bangladesh. Tangu 2002 humpa mtu maskini kabisa mnyama, posho ya muda, mafunzo, akiba na mtu wa kumtembelea nyumbani, vyote kwa mpango mmoja. Utafiti wa mpango wa namna hiyo katika nchi sita, Ethiopia ikiwemo, uliotoka 2015, ulikuta hali za walengwa bado zimeinuka mwaka mzima baada ya mradi kwisha. Sisi vyote hivyo tunavyo, ila kila kimoja kina bosi wake na ratiba yake. Na huyo wa kumtembelea, bajeti ikibana, ndiye wa kwanza kuondolewa.

9 Novemba 2023

Mkutano wa kijiji, majina ya kaya zinazohitimu, yaani zinazotoka kwenye ruzuku. Mama mmoja kasimama: "Yaani bati nililonunua kwa TASAF ndilo linalonitoa TASAF?" Kicheko, halafu hakuna aliyemjibu.

Ana hoja. Lakini nje ya orodha wapo wanaosubiri, hata ajira za muda za siku 60 hawajazionja. Kuhitimu sikupingi. Ninachotaka ni kwamba anayetoka awe na kitu cha kushika. Kaya nilizoona zikirudi chini nyingi zilirudishwa na ugonjwa: mmoja analazwa, mbuzi wanauzwa. Nimependekeza kila anayehitimu akate kwanza bima ya afya, CHF iliyoboreshwa, Sh 30,000 kwa watu sita, na akipungukiwa akope kwenye sanduku. Mtendaji kaliandika pendekezo. Mganga wa zahanati kauliza dawa zitakuwepo? Swali zuri, nalo limeandikwa.

5 Julai 2024

Mikopo ya asilimia kumi inarudi mwaka huu wa fedha, baadhi ya halmashauri zikianza kupitia benki. Nimewaita akina mama wa mananasi, nikidhani watashangilia. Wameniuliza maswali kwa saa nzima: nani anapitisha, marejesho yanaanza lini, mvua zikiharibu barabara ya sokoni inakuwaje. Mwisho wamekubali kuomba nusu ya walichoandika mwaka jana, kwa kuwa miche walishainunua wenyewe. Nimewaambia waje Jumatatu na muhtasari wa kikao wenye saini zote. Mweka hazina kasema Jumatatu ni siku ya chanjo, tukutane Jumanne.