Kutoka Kipawa hadi Mnazi Mmoja na Boksi la Sato

Kabla sijaondoka Mwanza, kila niliyemwambia kwamba naenda Dar es Salaam kwa ndege kwa mara ya kwanza alikuwa na ushauri wa kunipa, na ushauri wote ulihusu zile kilomita 12 za mwisho, kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi mjini. Mwalimu mwenzangu alinionya nisiingie kwenye teksi kabla ya kupatana bei. Kaka yangu akachukua simu yangu, akaniwekea programu ya kuita gari. Jirani yetu, aliyewahi kuishi Gongo la Mboto, aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Mwalimu, daladala zinapita pale pale. Toka nje, vuka barabara, panda."

Nilimfuata jirani. Ilikuwa mwaka 2023, pesa yangu karibu yote ilikuwa imeishia kwenye tiketi, na mkononi nilikuwa na mzigo usiovumilia kuzungushwa: boksi la sato waliogandishwa, limezungushiwa selotepu pande zote, zawadi ya shangazi. Mtu wa Mwanza haendi Dar mikono mitupu. Ila samaki wa barafu anahesabu dakika, na tangu boksi lilipotokea kwenye mkanda wa mizigo, nami nilianza kuzihesabu.

Tulishukia Jengo la Pili, lile lililofunguliwa mwaka 1984, ambalo mchoro wake ni wa Paul Andreu, Mfaransa aliyechora pia jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris. Jengo la Tatu, lililofunguliwa Agosti 2019 kwa ajili ya safari za kimataifa, liko jirani. Ni kubwa, limejengwa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Nililitazama kwa fahari kidogo, nikatafuta njia ya kutokea.

Madereva wa teksi walikuwa wamesimama kwa utulivu kuliko nilivyoogopeshwa. Mmoja, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alinisogelea. "Karibu Dar, dada. Unakwenda mjini?" Nikamwambia naenda Mnazi Mmoja. Akataja shilingi 35,000. Nilipomwambia sina, akashuka mpaka 25,000, na hapo akakwama. Nikamuuliza, bila ubishi, kwa nini bei iwe kubwa hivyo kwa mwendo mfupi. Alinijibu kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi aulizwe. Amefika alfajiri, akapanga foleni, na hadi mchana ule hajapata abiria. Akimshusha mtu Posta, atarudi gari tupu, apange foleni upya nyuma ya wenzake. Kwa hiyo abiria mmoja analipia kwenda, kurudi na kusubiri. Tangu siku ile siwezi kuwaita madereva wale walanguzi. Bei yao imebeba saa nyingi za kukaa, na mwendo wenyewe ni sehemu ndogo tu. Nilimshukuru, naye akanionyesha kwa kidole njia ya kutokea barabarani.

Hapo ndipo safari yangu hasa ilipoanza. Kutoka kwenye mlango wa abiria hadi Barabara ya Nyerere ni mwendo wa dakika chache kwa mtu asiye na mzigo. Mimi nilikuwa na begi mgongoni na boksi begani, na joto la Dar, lenye unyevu unaonata shingoni, si jua la kwetu lenye upepo wa ziwa. Wote waliokuwa wakinipita walikuwa ndani ya magari. Mlinzi niliyekutana naye alinitazama, akalitazama boksi, akajua. "Wa daladala? Nyoosha mpaka barabarani, halafu uvuke. Za mjini ziko upande ule." Maneno hayo machache yalikuwa na thamani kuliko ramani iliyokuwa kwenye simu, kwa sababu mgeni akitoka uwanjani barabara inayomlaki kwanza ni ile ya magari yanayokwenda Banana, Gongo la Mboto na Pugu. Akipanda la kwanza linalosimama mbele yake, ameupa mji kisogo.

Wazee bado wanaiita Barabara ya Nyerere Pugu Road. Wakati ule ilikuwa imechimbuliwa kwa ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya tatu, ile ya kwenda Gongo la Mboto, na kuvuka kulihitaji macho manne. Mama mmoja mwenye ndoo ya matunda kichwani alinishika kiwiko bila kuniuliza, tukavuka pamoja.

Kituoni nikajifunza jambo ambalo hakuna aliyenieleza Mwanza. Magari yanayotoka Gongo la Mboto hayaendi yote mahali pamoja. Yote yanapita Kipawa, penye uwanja wa ndege, yote yanafika makutano ya TAZARA, lakini pale Barabara ya Mandela inakatisha, na safari zinagawanyika. Mengine yanakunja kushoto kuelekea Buguruni na Ubungo, yakaishie Makumbusho au Simu 2000. Mengine yananyoosha kwenda Kamata, Kariakoo na Mnazi Mmoja. Kwa hiyo mgeni haulizi tu kama gari linakwenda mjini, maana kwa konda kila mahali ni mjini. Anauliza, "Linapita Kamata?" Yule mama wa matunda ndiye aliyenifundisha swali hilo, na mpaka leo namfundisha kila anayetoka kwetu kwenda Dar.

Gari likaja, konda ananing'inia mlangoni. "Kamata, Mnazi Mmoja! Kamata hiyo, Mnazi Mmoja!" Akaliona boksi. "Hilo lina nauli yake, dada. Buku." Tukapatana 500. Nauli yangu mwenyewe haikufika hata 1,000. Akataka kuliweka boksi mbele kwenye boneti, pembeni ya dereva, mahali ambapo mizigo yote hukaa. Nikamwambia ni samaki wa barafu, na pale chini ni injini. Gari zima likaingilia kati. Mmoja akasema liwekwe chini ya siti ya nyuma, mwingine akasema liwekwe karibu na dirisha lipate upepo. Mwisho mzee mmoja aliyekaa nyuma ya dereva akavuta miguu yake, akasema, "Leta hapa, mwanangu, mimi sina mzigo." Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukawa jamaa.

Mzee yule alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya barabara ile, na alinisomea njia nzima. Kipawa. Jet. Kwa mbali upande wa kushoto, akasema, inapita Reli ya Kati, na kuna treni ya mjini ya Pugu inayoleta wafanyakazi Stesheni asubuhi na kuwarudisha jioni. Alikumbuka treni za kwanza za namna hiyo, za Oktoba 2012, ambazo watu walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule: treni ya Mwakyembe. Moja ilitoka Stesheni kwenda Ubungo, nyingine ilipita reli ya TAZARA. Nikamuuliza kama treni ya Pugu ingenifaa mimi niliyetoka uwanjani. Akafikiri. "Ingekufaa kama ndege yako ingetua wakati watu wanaenda kazini, na kama kungekuwa na wa kukufikisha relini." Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi. Reli iko, uwanja uko, na ni jirani kabisa. Kinachokosekana ni kipande kifupi cha kuviunganisha.

Kabla ya TAZARA konda aliuliza kama kuna wa kushuka, kisha gari likapanda Daraja la Mfugale. Mzee akanigusa bega nitazame chini. Kabla daraja halijafunguliwa Septemba 2018, kwa msaada wa Japani, makutano yale yaliongozwa na taa na askari wa usalama barabarani, na foleni yake ilikula saa za watu. Msafiri mwenye busara, alisema, alikuwa anaondoka mjini mapema mno kuliko alivyohitaji, akae uwanjani asubiri, maana hakuna aliyejua TAZARA itampokeaje. Sasa magari yanayonyoosha yanapita juu, yanayokwenda bandarini na Ubungo yanapita chini. Jina la daraja ni la Patrick Mfugale, mhandisi aliyeongoza TANROADS, na alipewa heshima hiyo akiwa hai. Nikaliona pia jengo la stesheni ya TAZARA, mwanzo wa reli ya kilomita 1,860 inayofika Kapiri Mposhi, Zambia. Nimewafundisha watoto reli hiyo ubaoni kwa miaka. Kuiona kwenye dirisha la daladala kulinitia furaha ambayo sikuitegemea.

Baada ya daraja mwendo ulilegea. Vetenari, Chang'ombe, tukisogea na kusimama. Karibu na Kamata zilionekana nguzo ndefu za reli ya kisasa, SGR, ambayo wakati ule ilikuwa haijaanza kubeba abiria. Mwaka uliofuata, Juni 2024, treni zilianza kwenda Morogoro. Wafanyabiashara waliingiza chupa za maji na karanga kupitia madirishani. Nilinunua maji, nikayaweka juu ya boksi, mzee akacheka akasema samaki wamerudishiwa ziwa lao.

Mnazi Mmoja binamu yangu alikuwa amesimama kando ya bustani. Nilipotazama saa, safari ya barabarani ilikuwa imekaribia ile ya angani. Sato walikuwa wameanza kulegea pembeni, katikati bado wagumu. Tukapita Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, tukafuata Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari, ambapo shangazi alitupokea akitoka kazini. Alilipima boksi kwa mkono kabla hajanikumbatia.

Wakati wa kurudi ndege yangu ilikuwa ya alfajiri, na saa hizo sikutaka kusimama kituoni gizani. Niliita gari kwa programu. Bei ilikuwa 15,000, ikaonekana kwenye simu kabla sijapanda, na barabara ilikuwa tupu. Dereva alikuwa kijana mwenye hesabu kali. Alinieleza jinsi mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilivyoshusha kiwango ambacho kampuni za programu hizo zingeweza kumkata dereva hadi asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo, kisha kiwango kikapandishwa hadi 25 na Uber ikarudi mwanzoni mwa 2023. Yeye katika miezi ile alirudi kuendesha bajaji. Bei ndogo niliyoifurahia usiku ule, nilielewa, nayo ina mtu anayeibeba.

Nimekuwa nikimfikiria mama yangu tangu hapo. Ana miaka zaidi ya sabini, goti lake linamsumbua, na ameniambia anataka kupanda ndege akamwone shangazi. Fedha za teksi tutazichanga. Lakini ningependa siku moja apande gari la watu wote, kama nilivyopanda mimi, bila kubeba begi juani na kuvuka barabara ile. Vituo vya mwendokasi vilipangwa kukaa katikati ya Barabara ya Nyerere, ile ile inayopita mbele ya uwanja. Johannesburg, tangu Juni 2010, abiria wa Gautrain anatoka kwenye ndege na kuingia treni ya Sandton bila kukanyaga lami. Sisi hatuhitaji makubwa kiasi hicho. Tunahitaji njia ya waendao kwa miguu yenye kivuli kutoka mlango wa abiria hadi kituoni, kivuko salama, basi dogo la kuzunguka kati ya majengo mawili na barabara, na kibao kikubwa cha Kiswahili kinachosema: mjini, huku.